Simu ya Kuazimana: Ulinzi wa Watoto Wadogo Mtandaoni katika Kaya za Mirongo, Mwanza

Ikisiri

Ushauri mwingi wanaopewa wazazi kuhusu usalama wa watoto mtandaoni umejengwa juu ya dhana kwamba kila mtoto ana kifaa chake na akaunti yake. Makala haya yanaipinga dhana hiyo kwa kuangalia kaya za Mirongo, jijini Mwanza, ambako mtoto mdogo huingia mtandaoni kwa simu ya mtu mzima. Hoja kuu ni kwamba kiini cha ulinzi wa mtoto huyu ni namna simu inavyoazimwa, nani yuko karibu inapoazimwa, na kama mtoto anaweza kueleza alichokiona bila kuchapwa. Makala yanapima hoja ya kumnyima mtoto simu na hoja ya kuitegemea sheria, kisha yanagawa wajibu kati ya kaya, mtaa na kampuni.

Utangulizi

Mzazi anayetafuta ushauri wa kumlinda mwanawe mtandaoni atakutana na maelekezo yanayofanana karibu kila mahali: mfungulie mtoto akaunti yake, andika umri wake wa kweli, washa vizuizi, weka kikomo cha muda, kagua orodha ya marafiki. Maelekezo haya si mabaya. Yameandikwa kwa ajili ya kaya ambayo mtoto ana kishikwambi chake, nyumba ina waifai, na mzazi ana barua pepe anayoifungua kila siku. Kaya za namna hiyo zipo Mwanza, lakini si kaya za kawaida za Mirongo.

Mirongo ni kata ya Wilaya ya Nyamagana, yenye jina la mto unaokatiza jiji na kumwaga maji yake Ziwa Victoria. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 594,834 katika wilaya hiyo, na wengi wao wanaishi kwa kipato cha siku: machinga wa Makoroboi, mama lishe, madereva wa bodaboda, wachuuzi wa dagaa na sangara wanaofuata mzigo Mwaloni Kirumba, na vijana wanaovuka kwenda kambi za wavuvi visiwani na kurudi baada ya wiki kadhaa. Katika kaya hizi simu janja ni mali ya nyumba zaidi kuliko ya mtu. Mtoto wa miaka 4 hadi 9, ambaye ndiye anayezungumziwa hapa, hana simu wala akaunti. Anaazima.

Makala haya yanadai kwamba tofauti hiyo hubadilisha tatizo zima. Pale mtoto anapoazima, vizuizi vilivyofungwa kwenye akaunti ya mtoto havina pa kushikia, na swali la mzazi huwa la malezi zaidi kuliko la kitufe. Ushauri usioanzia kwenye kuazima humwacha mzazi wa Mirongo akijiona mzembe kwa kushindwa kufanya jambo ambalo simu yake haikuwahi kumruhusu kulifanya.

Simu moja, watumiaji wengi

Tazama jinsi simu hiyo inavyopita siku. Asubuhi ni ya biashara: mama anaulizia bei ya nyanya, anapokea malipo, anaangalia salio. Mchana iko kwenye chaji, au ameishika kijana wa nyumbani anayefuatilia matokeo ya timu ya Pamba Jiji. Jioni, jiko linapowashwa, inahamia mikononi mwa mtoto, kwa sababu mtoto aliyetulia na katuni ni msaada wa kweli kwa mtu anayepika, anayehesabu mauzo na anayembeleza mdogo wake, yote kwa wakati mmoja. Anayeuita huo uzembe hajawahi kupika akiwa peke yake na watoto watatu.

Ndani ya simu hiyo mambo manne yanatokea pamoja. La kwanza, akaunti iliyomo ni ya mtu mzima. Mara nyingi ilifunguliwa na muuza simu au fundi siku simu iliponunuliwa, kwa barua pepe ambayo mwenye simu haikumbuki na nywila ambayo hajawahi kuijua. YouTube, TikTok, Facebook na WhatsApp zote zinataka mtu awe na umri wa kuanzia miaka 13 kufungua akaunti ya kawaida, lakini sharti hilo halimhusu mtoto asiyefungua akaunti yoyote. Kwa mtambo wa kupendekeza video, mtoto wa chekechea anayetazama katuni saa moja jioni ni mtu mzima aliyependa katuni ghafla.

La pili, mapendekezo yanafuata historia ya nyumba nzima: mahubiri ya shangazi, vichekesho vya kaka, muvi zilizotafsiriwa, na video za usiku ambazo hakuna anayekiri kuzitazama. Katuni ikiisha, nyingine inaanza yenyewe, na baada ya hatua chache mtoto yuko mahali ambapo hakuna aliyempeleka. Hata njia ya katuni tupu haina dhamana. Mwaka 2017 dunia iligundua kwamba YouTube ilikuwa na maelfu ya video zilizowatumia wahusika wa watoto, kama Elsa na Peppa Pig, katika matukio ya ukatili na ya kingono, nyingine zikipita hadi kwenye programu maalumu ya watoto. Kampuni ilifuta nyingi baada ya kelele za umma. Kilichodhihirika ni kwamba picha ya kwanza ya video haitoshi kumwambia mzazi kilichomo ndani.

La tatu, maudhui mengi hayapiti mtandaoni wakati mtoto anapoyaona. Makundi ya WhatsApp ya ukoo, ya kikoba na ya wapenzi wa mpira hushusha picha na video moja kwa moja kwenye hifadhi ya simu. Mtoto asiyejua kusoma anaufahamu vizuri ule mraba wa picha, anauminya, anapitisha kidole. Hahitaji bando. Vivyo hivyo kwa memori kadi iliyojazwa muvi kwenye kibanda cha mtaani, au video iliyorushwa kutoka simu hadi simu. Kichujio cha intaneti hakina la kufanya hapo.

La nne, simu hiyohiyo ndiyo pochi. Tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, simu imekuwa mahali pa akiba, mchango wa msiba na malipo ya ada. Mtoto anayejua namba ya siri ya mama kwa kuitazama ikiandikwa, au anayepokea simu ya mtu anayejiita wakala na kuombwa asome tarakimu zilizoingia kwenye meseji, anaweza kuipotezea nyumba mtaji wa biashara bila kujua amefanya nini. Utapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" umezoeleka kiasi cha watu wazima kuufanyia utani, lakini mtoto hajafika umri wa kuuelewa utani huo.

Mambo haya manne hayatengani. Kumpa mtoto simu ya nyumba ni sawa na kumwachia duka: hakuna mfanyabiashara wa Mirongo anayemwacha mwanawe dukani bila kumwambia droo ipi haiguswi na mteja gani amwambie asubiri. Kwa simu, tumezoea kuacha bila kusema neno.

Hatari iliyo karibu na hatari iliyo mbali

Mijadala ya wazazi kuhusu mtandao huvutwa na hofu kubwa zinazotoka mbali. Mwanzoni mwa mwaka 2019, picha ya kutisha iliyoitwa Momo ilizunguka duniani kwa madai kwamba inajitokeza katikati ya video za watoto na kuwaamuru wajidhuru. Picha yenyewe ilikuwa ya sanamu iliyotengenezwa na msanii wa Japani. Mashirika ya kulinda watoto ya Uingereza yalisema hayakuwa na ushahidi wa mtoto aliyedhurika kwa njia hiyo, na kwamba onyo lenyewe lililosambazwa na watu wazima ndilo lililowatia watoto hofu. Onyo la namna hiyo humchosha mzazi, na siku inapokuja hatari halisi, masikio yamekwisha kuzoea.

Hatari halisi ina sura ya kawaida zaidi. Utafiti wa Disrupting Harm, uliofanywa na ECPAT, INTERPOL na UNICEF na kutolewa mwaka 2022 kwa upande wa Tanzania, ulikadiria kwamba asilimia 4 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti nchini walikuwa wamefanyiwa vitendo vya wazi vya unyanyasaji wa kingono unaohusisha mtandao katika mwaka mmoja, sawa na watoto wapatao 200,000. Jambo la kuzingatia zaidi kwa hoja yetu ni kwamba, katika tafiti hizo za nchi mbalimbali, mkosaji mara nyingi alikuwa mtu ambaye mtoto alikuwa akimfahamu tayari. Mtandao ulimpa njia ya pili ya kumfikia mtoto aliyekwisha kumzoea. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na msemo huo unaelekeza macho ya mzazi vizuri kuliko picha ya mgeni aliyejificha ng'ambo ya bahari.

Umri uliochunguzwa nao una maana yake. Watoto chini ya miaka 12 hawamo katika hesabu hiyo, na ukimya wa takwimu husomwa kirahisi kuwa usalama. Tunajua kutoka utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na takriban mvulana 1 kati ya 7 walipitia ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Utafiti huo ulifanyika kabla simu janja hazijaenea Mwanza. Ukatili ulikuwepo; simu imeongeza uwezo wa kuurekodi, kuusambaza na kumtishia mtoto kwa picha. Kwa hiyo mpango wa usalama mtandaoni uliotenganishwa na usalama wa nyumbani, njiani na shuleni unagawa kitu kimoja vipande viwili.

Mlezi aliyepo

Neno "mzazi" katika ushauri wa kawaida humaanisha mtu mmoja au wawili wenye mamlaka, wanaokaa na mtoto jioni. Mirongo ukiuliza nani alikuwa na mtoto saa kumi alasiri, jibu linaweza kuwa bibi, kaka wa darasa la sita, mpangaji wa chumba cha pili, au dada wa kazi. Mara nyingi dada huyo naye bado ni mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, na shirika la WoteSawa lenye makao yake Mwanza limejengwa juu ya kazi ya kutetea watoto wanaofanya kazi za ndani, wengi wao wakiwa wametoka vijijini kuja mjini. Binti wa miaka 15 anayelea mtoto wa miaka 5 huku ameshika simu ya kwanza maishani mwake anahitaji ulinzi uleule anaotarajiwa kuutoa. Akitumiwa ujumbe na mwanamume anayemsifia picha yake, nyumba nzima ina mlango uliobaki wazi.

Hapa ushauri unaomlenga mama peke yake unashindwa mara mbili. Unampa mama jukumu la saa ambazo hayupo, na unamwacha mlezi aliyepo bila neno lolote. Kanuni ya kwanza ya makala haya inatoka hapo: yeyote anayeachiwa mtoto na simu aambiwe masharti ya simu kama anavyoambiwa masharti ya dawa na chakula cha mtoto, na awe na mtu wa kumwambia likimpata jambo yeye mwenyewe.

Hoja ya kumnyima

Wapo watakaosema suluhisho ni rahisi: mtoto asiguse simu. Hoja hii ina nguvu na haifai kudharauliwa. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2019 lilishauri mtoto wa chini ya miaka 2 asitazame skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku. Australia ilipitisha mwaka 2024 sheria ya kuzuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti za mitandao ya kijamii, ikaanza kutumika tarehe 10 Desemba 2025. Shule zetu nazo kwa kawaida haziwaruhusu wanafunzi kuingia na simu.

Lakini angalia kila mfano unazuia nini. Sheria ya Australia inaibana kampuni kuhusu akaunti. Mtoto wa Mirongo hana akaunti ya kufungiwa. Marufuku ya shule yanaisha kengele ya kutoka inapolia. Mwongozo wa muda unasaidia, na mzazi anayeweza kuufuata aufuate, ila unahesabu dakika bila kuuliza kilichotazamwa, na dakika 10 zinatosha kwa jambo baya. Zaidi ya hapo, marufuku ya nyumbani yana tabia ya kuhama: mtoto aliyenyimwa kwao anatazama kwa jirani, na huko akiona kitu cha kumtisha hawezi kukisema kwa sababu atakuwa amekiri kosa la kugusa simu. Marufuku yakifanya hivyo yameondoa shahidi, hatari ikabaki.

Tena si kila kinachoonekana kwenye simu ni cha kukimbiwa. Shirika la Ubongo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, limezalisha Ubongo Kids na Akili and Me, vipindi vya Kiswahili vinavyofundisha hesabu, herufi na tabia njema kwa watoto wenye maisha yanayofanana na ya huku. Mtoto anayejifunza kuhesabu kwa lugha yake anapata kitu ambacho kaya nyingi haziwezi kukinunua kwa njia nyingine. Swali la kufanyia kazi ni jinsi ya kulipata hilo bila kubeba mengine yote yanayokuja nalo.

Sheria, na mkono wa mtu mzima

Tanzania haikosi sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 13, inakataza kuchapisha picha za ngono zinazohusisha watoto kupitia mfumo wa kompyuta. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa zinazohusu watoto katika kundi la taarifa nyeti. Mwaka 2024 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za ulinzi wa mtoto. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Pengo lililopo ni kati ya maandishi hayo na desturi za watu wazima wenye nia njema.

Desturi ya kwanza ni ya kusambaza. Video ya mtoto anayepigwa au kudhalilishwa inaingia kwenye kundi la WhatsApp ikiwa na maneno "sambaza mpaka mhusika akamatwe". Kila anayeisambaza anaamini anasaidia. Kwa mtoto aliyemo, kila usambazaji ni udhalilishaji mpya. Video inabaki kwenye mamia ya simu baada ya kesi kwisha, zikiwemo simu wanazoazima watoto wengine jioni hiyohiyo. Picha ikiwa ya kingono, msambazaji anajitia pia katika kosa la jinai. Njia sahihi ni fupi: usiitume kwa mtu mwingine, toa taarifa polisi au piga 116, namba ya bure ya huduma ya simu kwa mtoto inayoendeshwa na C-Sema, na ufuate maelekezo utakayopewa kuhusu ushahidi.

Desturi ya pili ni ya fahari. Siku ya mahafali ya chekechea, mama anaweka statasi: mtoto amevaa joho dogo, nembo ya shule iko kifuani, jina lake limeandikwa kwenye keki, na nyuma linaonekana lango lenye bango la shule. Chini anaandika "mwanangu wa pekee, Mungu akutunze". Ni furaha halali. Ila statasi hiyo, asipochagua vingine, inaonekana kwa kila mtu ambaye wamehifadhiana namba: wateja, mawakala, dereva aliyemchukua mara moja. Mtu yeyote kati yao sasa anajua jina la mtoto, shule yake na sura yake, na anaweza kumwendea getini akisema ametumwa na mama. Anayetaka kubaki na fahari hiyo anahitaji kubadilisha vitu viwili tu: kupiga picha isiyoonyesha jina wala nembo, na kuchagua nani aione, jambo ambalo WhatsApp inaruhusu.

Ninaweka desturi hizi mbili mbele kwa makusudi. Mzazi anayeuliza jinsi ya kumlinda mtoto hutazamia kupewa orodha ya mambo ya kumzuia mtoto. Katika simu ya kuazimana, mengi ya kubadilishwa yako mikononi mwa watu wazima wenyewe.

Utaratibu wa kuazimisha simu

Kutokana na hayo, napendekeza kaya iweke utaratibu wa kuazimisha simu, ulio mfupi kiasi cha dada wa kazi na bibi kuukariri. Una sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni kuiandaa simu kabla haijatolewa. Simu nyingi za Android zina uwezo wa kufunga skrini kwenye programu moja, ili mtoto asitoke kwenye katuni kwenda kwenye picha au meseji mpaka mwenye simu aweke patani yake. Katika YouTube, kitufe cha video kuanza yenyewe kinaweza kuzimwa, na kipo kingine cha kupunguza maudhui ya watu wazima. Hakichuji kila kitu, lakini kinapunguza. Katika WhatsApp, mipangilio inaruhusu picha na video za makundi zisishuke zenyewe wala zisionekane kwenye hifadhi ya picha. Namba ya siri ya pesa isifanane na patani ya simu, wala isiandikwe mbele ya mtoto. Bora zaidi, bando likiruhusu siku moja, vipindi vichache vilivyochaguliwa vipakuliwe na mtoto atazame hivyo huku data imezimwa. Kaya inayobana matumizi ya bando ina faida hapa ambayo kaya yenye waifai haina: mtandao kuzimwa ni jambo la kawaida kwao.

Sehemu ya pili ni mahali. Simu itumike pale mlezi anaposikia sauti yake. Skrini ya simu ni ndogo na mtu anayepika hawezi kuitazama, lakini sikio lake liko huru, na katuni ikigeuka kuwa kelele za mapigano au lugha ya ajabu atajua kabla ya kuona. Kwa sababu hiyo spika za masikioni si za mtoto mdogo, na simu haifuati mtoto kitandani.

Sehemu ya tatu ndiyo ngumu, nayo ni kusikiliza. Mtoto aambiwe, na aone kwa vitendo, kwamba akikutana na picha mbaya au sauti ya mtu anayemuulizia mambo yake, akiileta simu hatapigwa wala kulaumiwa. Hapa ushauri unagongana na desturi ya fimbo. Kanuni za mwaka 2002 bado zinaruhusu viboko visivyozidi 4 shuleni, na nyumbani hakuna anayehesabu. Mwanza ina historia yake katika mjadala huu: Kuleana, kituo cha haki za watoto kilichoanzishwa jijini mwaka 1992 kuwahudumia watoto waliokuwa wakiishi mitaani, kiliendesha kampeni dhidi ya viboko shuleni miaka mingi kabla mtandao haujafika mikononi mwa watoto. Hoja ya wakati ule ilihusu utu wa mtoto, na wapo walioiona ya kigeni. Leo ina sababu ya ziada isiyohitaji falsafa: anayemdhuru mtoto hutegemea siri, na mtoto anayeogopa fimbo ni mtunza siri hodari. Mzazi anayesema "ukiniletea ujinga wa simu nitakuchapa" amemsaidia mkosaji bila kujua.

Mtoto anapoileta simu, mlezi afanye mambo machache kwa utulivu: achukue simu bila kupiga kelele, amuulize mtoto ameona nini na kama kuna mtu aliyemwonyesha, amshukuru kwa kusema. Ikiwa kuna mtu nyuma ya jambo hilo, namba na ujumbe visifutwe, kwa sababu ndivyo vitakavyohitajika Dawati la Jinsia na Watoto. Laini nchini zimesajiliwa kwa alama za vidole, hivyo namba iliyohifadhiwa inaweza kumfikisha askari mahali.

Mtaa na kampuni

Utaratibu wa kaya hautoshi, na si haki kuuacha peke yake. Mama mwenye siku ya saa 16 hawezi kuwa mhandisi wa usalama wa kampuni zenye makao California na Singapore. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto, katika Maoni ya Jumla Namba 25 ya mwaka 2021, ilieleza wazi kwamba serikali na kampuni zina wajibu wa kuheshimu na kulinda haki za mtoto katika mazingira ya kidijitali. Umoja wa Afrika nao uliifanya mada hiyo kuwa kaulimbiu ya Siku ya Mtoto wa Afrika, 16 Juni 2023.

Kwa kampuni, madai mawili yanatokana moja kwa moja na hoja ya makala haya. Kwanza, vizuizi vitengenezwe kwa ajili ya simu ya kuazimana: kitufe kimoja, chenye maneno ya Kiswahili, kinachoigeuza simu ya mtu mzima kuwa ya mtoto kwa nusu saa bila kudai akaunti mpya wala barua pepe. Pili, kampuni za simu zinazouza bando kwa saa na kwa siku zinaweza kuuza bando la watoto linalofungua vipindi vilivyohakikiwa tu. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yenye ofisi ya Kanda ya Ziwa hapahapa Mwanza, inayo nafasi ya kulidai hilo kama ilivyodai usajili wa laini.

Kwa mtaa, njia zipo tayari. Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto zilizoundwa chini ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto ulioanza mwaka 2017, zinapaswa kuwa na ajenda ya simu kama zilivyo na ajenda ya utoro na ndoa za utotoni. Mafundi simu na wauza simu, wanaofungua akaunti siku ya kwanza, ndio walimu wa kwanza wa mtandao kwa wateja wao. Dakika 5 za kuzima video zinazoanza zenyewe na picha zinazoshuka zenyewe, na kumkabidhi mteja nywila yake mwenyewe iliyoandikwa kwenye karatasi, zinaweza kufanya kazi ambayo semina moja hotelini haitaifanya. Vikoba hukutana kila wiki. Mwalimu wa chekechea anaonana na wazazi getini kila asubuhi. Walimu wa madrasa na wa shule za Jumapili wanawajua watoto kwa majina. Hakuna mkutano mpya wa kuitisha.

Hitimisho

Makala haya yamedai kwamba usalama wa mtoto mdogo mtandaoni, katika kaya za aina ya Mirongo, haupimwi kwa umri ulioandikwa kwenye akaunti, kwa sababu akaunti hiyo si ya mtoto. Unapimwa kwa maswali matatu ambayo kila mlezi anaweza kuyajibu usiku wa leo: simu iliandaliwaje kabla ya kutolewa, nani alikuwa akiisikia, na mtoto angeambiwa nini kama angeileta na kitu kibaya. Kaya inayojibu vizuri swali la tatu imefanya zaidi ya nusu ya kazi, hata kama simu yake ni ya zamani na kitufe cha kuifunga hakipo. Kaya inayoshindwa swali hilo haitaokolewa na programu yoyote. Kwa watunga sera, kipimo ni hichohicho kikikuzwa: mwongozo wowote wa usalama wa watoto mtandaoni unaoanza kwa "mfungulie mtoto akaunti" urudishwe kwa waandishi wake, wauandike upya kwa ajili ya mtoto anayeazima.